Mimea ya kununua kwa tangi lenye maji ya rangi ya chai

Tanini, yaani ile rangi ya kahawia inayotoka kwenye majani ya mkungu au kwenye gogo lililozama ndani ya tangi la samaki, haiui mimea. Inachofanya ni kula mwanga. Hunyonya zaidi mwanga wa buluu, ndiyo maana maji hubaki na rangi ya chai isiyo na maziwa, na kadiri unavyoshuka ndivyo giza linavyozidi. Tatizo la pili ni njaa, kwa kuwa maji ya namna hii kwa kawaida ni laini na yana madini machache. Mto Rio Negro, unaomwaga maji yake Amazon, ni mweusi hivyohivyo, na mimea inayoota chini ya maji yake ni michache kwa sababu hizo mbili.

Kwa hiyo kila mmea nimeuuliza jambo moja: unaridhika na mwanga hafifu, au unaweza kuyakwepa maji yenyewe kwa kupeleka majani juu? Usioweza lolote kati ya hayo usiununue, hata ukikupendeza vipi dukani.

1. Anubiasi

Kama utanunua mmea mmoja tu, nunua huu, hasa ile aina fupi ya Anubias barteri iitwayo nana. Kwao ni Afrika Magharibi na Kati, ambako hujishikiza kwenye mawe na mizizi kandokando ya vijito vyenye kivuli, kwa hiyo giza si jambo geni kwake. Hukua polepole sana. Kwenye tangi lenye mwanga mkali upole huo ni hasara, kwa sababu mwani hupata muda wa kutanda juu ya majani. Kwenye maji ya tanini mwani nao hukosa mwanga, na jani moja laweza kukaa safi kwa miezi mingi. Ni mmea ambao maji haya yanaupendelea.

Ukiwa dukani usidanganywe na ukubwa wa majani. Tazama rizomu, yaani lile shina nene linalotambaa. Liminye kwa vidole: liwe gumu kama tangawizi mbichi. Likibonyea au likinuka, uozo umeshaingia na majani yatafuata, hata kama leo yanang'aa. Shina refu lenye ncha mbili au tatu zinazochipua lina faida kuliko chungu kilichojaa majani, maana utalikata vipande na kila kipande kitakuwa mmea wake. Usilifukie kwenye changarawe. Lifunge kwenye gogo kwa uzi, au libandike kwa supaglu ya jeli, tena nusu ya juu ya tangi, karibu na taa.

2. Mimea inayoelea

Limnobium na Salvinia majani yao yako juu ya maji, hivyo tanini haiwagusi kabisa, na hewa ya kaboni dioksidi wanaipata bure. Nunua kiganja kimoja tu, watazaana. Angalia majani yawe mazima, yasiyo na kingo za kahawia. Adui zao ni matone yanayodondoka kutoka kwenye kifuniko na mkondo mkali wa chujio. Wasifunike zaidi ya nusu ya uso wa maji, la sivyo walio chini watalala gizani. Unaowapunguza wasifike mtoni wala ziwani. Salvinia ikitoroka husumbua kama gugumaji.

3. Kriptokorini

Cryptocoryne wendtii, mzaliwa wa Sri Lanka, huvumilia mwanga mdogo lakini hachukui kuhamishwa kirahisi. Wangu wa kwanza uliyeyuka majani yote siku chache baada ya kuupanda, nami nikaung'oa nikautupa. Baadaye nilielewa kwamba mizizi ilikuwa hai. Basi hapa nunua mizizi: myeupe, mingi, imara. Majani yakiyeyuka yaondoe, uache kisiki mahali pake, kisha subiri wiki kadhaa. Ile inayouzwa kwenye vikombe vilivyofungwa, iliyokuzwa maabara, haiji na konokono wala mwani, ila vimche vyake ni vidogo na huhitaji uvumilivu zaidi.

4. Kangaga la Java

Wengi wangeliweka juu zaidi. Ni gumu kweli, na hupandwa juu ya gogo kama anubiasi. Nimelishusha kwa sababu kwenye maji laini hukosa potasiamu upesi, majani yakatoboka. Vidoa vya kahawia vilivyopangika chini ya jani visikutishe, hivyo ni vifuko vya spora zake, yaani chembe ndogo za uzazi.

5. Yungiyungi

Kwa tangi refu, tunguu la Nymphaea lotus ni chaguo zuri, kwani hupandisha majani yake hadi juu ya maji. Nunua tunguu gumu lililokwisha kuchipua.

Kuvumwani ya Java (java moss) hailazimishi kufikiri sana: ikiwa ya kijani na haina mwani uliojifuma ndani yake, ichukue.

Iache mimea mifupi ya kutandaza sakafuni na ile ya mashina mekundu, kwani yote hudai mwanga mkali. Vallisneria pia iache kama maji yako ni laini sana na yana asidi. Hupendelea maji magumu.

Pamoja na mimea, nunua mbolea. Anubiasi, kangaga na wanaoelea hula kutoka kwenye maji, hivyo wape ya kimiminika yenye potasiamu, kidogo kila wiki. Kriptokorini na yungiyungi hula kwa mizizi. Fukia kidonge cha mbolea pembeni ya shina. Na kama chujio lako limekuja na mfuko wa mkaa, utoe: mkaa huo hunasa tanini, na maji yatapauka.