ExifTool na kipaimara cha saa kumi alfajiri

Napiga picha za sherehe hapa Moshi, na huu ni mwaka wa pili natumia ExifTool. Ni programu ya bure ya Phil Harvey, ipo tangu 2003, ya kusoma na kubadilisha taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha: tarehe, kamera, mahali. Haina vitufe vya kubonyeza: unaandika amri kwenye terminali, inakujibu kwa maandishi. Siku ya kwanza niliichukia.

Kilichonigeuza ni kipaimara kimoja kule Marangu. Tulikuwa na kamera mbili, mimi na kijana wangu. Nilipomwaga picha zote kwenye laptopu na kuzipanga kwa saa, mtoto alikuwa anakata keki kabla hajaingia kanisani! Nikachukua picha moja ya kijana, ya pale mlangoni mwa kanisa, nikaandika:

exiftool IMG_0412.JPG

Ikatema mistari hadi skrini ikajaa: kamera, lenzi, ISO, kasi ya shata. Kwenye Date/Time Original, yaani saa picha ilipopigwa, ikasoma 04:07. Misa gani hiyo ya saa kumi alfajiri? Kumbe asubuhi ile kijana aliiweka saa ya kamera kama tunavyoitamka. Ilikuwa saa mbili, naye akaandika 02:00. Kwa Kiswahili hakukosea.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:

exiftool -AllDates+=6 kamera2/

Folda nzima ikasogea saa sita mbele, keki ikarudi ukumbini.

Lawama zangu? Kila faili inayobadilishwa huachiwa nakala yenye jina linaloishia na _original, na diski yangu ndogo ilijaa siku hiyohiyo. Kuna -overwrite_original ya kuzuia hilo, ila mimi siigusi kabla sijahifadhi picha pengine. Halafu -all= hufagia kila kitu, pamoja na alama ya mzunguko, na picha za wima zikanilalia ubavu. Kama unachotaka ni kuficha mahali, mfano picha ya simu iliyopigwa nyumbani kwa mtu, -gps:all= inatosha.

Nilijaribu pia identify -verbose, amri ya ImageMagick, programu nyingine ya picha. Inapitia picha nzima na kupiga hesabu za rangi nisizozihitaji, kwa hiyo kwenye laptopu yangu kuukuu ni kungoja tu.

Mteja akikuletea picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida, usiilaumu programu ukikuta tarehe na kamera havipo. Vimeshanyolewa njiani. Mwambie aitume upya kama dokumenti.