Kilimanjaro Wakati wa Kipupwe: Mapitio ya Njia ya Marangu kwa Msafiri wa Mwanza

Mwezi wa Julai, wakati sisi wa Mwanza tunalalamikia vumbi na jua linalopiga juu ya mawe, lango la Marangu katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hugubikwa na ukungu, na wageni husimama pale saa sita mchana wakiwa wamefunga makoti hadi shingoni. Mapitio haya yanahusu mandhari ya hifadhi hiyo katika majira ya kipupwe, yaani kuanzia Juni hadi Agosti, na yanawalenga wale ambao hawana nia wala bajeti ya kufika kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, lakini wangependa kupanda sehemu ya mlima na kurudi wakiwa wameridhika. Naona kwamba uzuri wa msimu huu haupo kileleni wala langoni, bali upo katikati, kati ya mita 2,700 na mita 4,000 hivi.

Nianze na lango, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupoteza fedha zao. Pepo za kusi hubeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na zinapogonga miteremko ya kusini ya mlima hulazimika kupanda, hupoa, na kuacha wingu zito juu ya ukanda wa msitu. Kwa sababu hiyo, ziara ya siku moja katika kipupwe inaweza kuisha bila mgeni kuiona Kibo, yaani kuba kuu la mlima lenye kilele cha Uhuru, hata kwa dakika moja. Kampuni iliyotuhudumia ilitangaza ziara ya namna hiyo kwa picha ya kilele kilicho wazi, na haikutaja wingu hata kidogo, jambo ambalo kwa maoni yangu si uungwana. Hata hivyo, msitu wenyewe hauna kasoro: miti imevikwa kuvu na ndevu za kijani zinazodondosha maji, mbega wanaruka juu wakitandaza mikia yao myeupe, na mtu anayependa mimea atatembea taratibu bila kuchoka. Aliyekuja kwa ajili ya theluji ndiye atakayenung'unika.

Baada ya mwendo wa saa tatu au nne kutoka langoni unafikia mabanda ya Mandara, kwenye mita 2,720. Marangu ndiyo njia pekee ya kupandia Kilimanjaro ambayo wageni hulala ndani ya mabanda badala ya mahema, na katika msimu wa baridi hiyo ni faida isiyopaswa kudharauliwa. Karibu na hapo ipo kasoko ya Maundi, ambayo mtu huifikia kwa matembezi mafupi na ambayo mara nyingi huwa kwenye ukingo wa wingu. Nenda alfajiri. Ukungu ukiwa umeshuka chini yako, utaziona Kibo na Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, kwa pamoja upande mmoja, na upande wa pili tambarare zinazoelekea Kenya.

Lakini kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu, ningechagua Horombo, kwenye mita 3,720. Njia inatoka msituni, inaingia kwenye vichaka vifupi, na polepole unajikuta umelipita wingu lililokusumbua tangu langoni, nalo sasa limetandazwa chini yako jeupe hadi upeo wa macho, kama Ziwa Victoria letu linavyoonekana kutoka Capri Point, Mwanza, asubuhi isiyo na upepo. Mbingu za juu katika miezi hii huwa kavu na safi, hivyo nyota za usiku zinastahili kukesha, ingawa baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 0. Mimea ya hapo imezoea adha hiyo: senesio, ambazo hukua kama miti, huacha majani makavu yakizunguka shina ili kulikinga na baridi, na lobelia hufunga majani yake jua linapozama. Kibo huonekana vizuri asubuhi, mara nyingine ikiwa na theluji mpya, ingawa barafu yake ya kudumu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912.

Kutoka Horombo, panda hadi Miamba ya Pundamilia, takriban mita 4,000. Ni ukuta wa mwamba wa volkano wenye mistari myeusi na myeupe, iliyochorwa na maji yenye madini yanayochuruzika juu yake kwa miaka mingi. Sisi tuliokulia kati ya mawe ya matale tunajiona wajuzi wa miamba, lakini huu haufanani na chochote kilichopo Mwanza, na kwangu peke yake ulilipa gharama ya safari.

Kuhusu maandalizi, nguo za baridi zinapatikana kwa bei nafuu katika soko la mitumba la Mlango Mmoja, Mwanza, nami nashauri kuzitafuta huko kabla ya kuondoka, hasa koti lisilopitisha maji, glavu na soksi nzito. Basi la kwenda Arusha kupitia Shinyanga, Singida na Babati linachosha, kwa hiyo pumzika usiku mmoja Moshi kabla ya kupanda. Usitegemee kwamba kuishi kando ya ziwa lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kutakukinga na maumivu ya kichwa ya Horombo. Ni kweli kwamba tunaishi juu kuliko watu wa Moshi mjini, lakini tofauti hiyo haisaidii kitu huko juu. Kinachosaidia ni kwenda polepole, kunywa maji mengi na kumweleza mwongozaji mapema unapojisikia vibaya. Kuwa na mwongozaji ni sharti, na wapagazi wanastahili bakshishi iliyopangwa tangu nyumbani.

Mwenye nafasi ya kulala Mandara na Horombo aende katika kipupwe bila wasiwasi. Mwenye siku moja tu, na ambaye shabaha yake ni kuipiga picha Kibo, asubiri Januari au Februari, miezi ambayo ukanda wa msitu huwa na mawingu machache zaidi.