Muhuri wa wakili Dodoma mjini: kiapo nyota nne, mkataba wa kiwanja nyota mbili

Ukishuka Jamatini ukakata kuelekea Uhindini, hukosi kibao cha "Wakili, Mthibitishaji wa Umma na Kamishna wa Viapo", pengine mlango mmoja na steshenari. Wengi wanaoingia humo hawana kesi, wanafuata muhuri. Kwa kasi, huduma haina mpinzani: karani anachapa, unasaini, unagongewa, unaondoka. Kasi hiyo hiyo ndiyo inayoharibu.

Kiapo cha kupotelewa cheti kinakwenda vizuri ukija na kitambulisho cha NIDA na taarifa ya upotevu ya polisi. Kabla hujalipa, soma pale chini kabisa, kwenye sehemu ya kamishna. Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inataka jina lake, mahali ulipoapia na tarehe. Karani akifungua faili la mteja wa zamani, utakuta umeapa Dodoma lakini karatasi inasema Dar es Salaam. Kaunta ya benki huenda wasione. Mahakamani, maombi yanayotegemea kiapo hicho yanaweza kutupwa kwa dosari hiyo, ukaanza upya.

Kuna na ule mstari wa "ninayemfahamu mimi binafsi". Kama mmeonana leo kwa mara ya kwanza, kamishna aandike nani amekutambulisha kwake, na huyo mtambulishaji ndiye kamishna awe anamfahamu binafsi. Mstari huu husahaulika mno, na wakili wa upande wa pili akiamua kukubana ataanzia hapo. Halafu kifungu cha 7 cha sheria hiyo hiyo: wakili anayekuendeshea kesi hawezi kukuapisha katika kesi hiyo hiyo. Mwenye kujiheshimu atakuambia uvuke korido kwa mwenzake. Akisema "tumalizie hapa hapa", chukua karatasi zako.

Mikataba ya viwanja ndiyo inayoshusha alama. Iyumbu, Nala, Ihumwa, kote watu wananunua, na wengi wanaamini muhuri unathibitisha kwamba muuzaji ndiye mwenye kiwanja. Unathibitisha kwamba saini zimewekwa mbele ya wakili, basi. Na hata hilo linategemea wakili awepo. Muhuri ukitoka kwenye droo ya karani huku mwenyewe yuko Morogoro, umenunua wino. Upekuzi wa umiliki ofisi ya ardhi ni kazi nyingine yenye bei yake, kwa hiyo uliza mapema kama imo kwenye ulicholipa. Kama inauzwa nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Kwa kiwanja chenye hati, mkataba peke yake hauhamishi kitu bila fomu za ardhi namba 29, 30 na 35. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, ulipwe ndani ya siku 30. Kiwanja cha milioni 15 ni kama shilingi 150,000. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu. Ofisi inayokutajia haya yote bila kuulizwa ipe nyota ya tatu.

Bei ni maelewano, ingawa Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 ipo. Dai risiti yenye jina la wakili. Ya steshenari haikusaidii.

Vishoka nao wapo. Ingia e-Wakili, mfumo wa Mahakama, utafute jina lililo kwenye muhuri. Cheti cha uwakili hufikia ukomo 31 Desemba, kwa hiyo Januari usiangalie kwa kupitisha macho tu. Hifadhi picha ya skrini siku ile ile ya kusaini. Mfumo hautakuambia kama muhuri umechongwa mtaani, ndiyo maana ni lazima uonane na mwenye jina. Chini ya mkataba pawe na "Imeandaliwa na", jina na anwani, kama Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inavyotaka katika kifungu cha 44. Anayekwepa kujaza hapo ana sababu.

Wakili akikuharibia, Kamati ya Mawakili inaweza kumkaripia, kumsimamisha au kumfuta kwenye roli, yaani orodha ya mawakili. Malalamiko yanapelekwa yakiambatana na hati ya kiapo. Ndiyo, utahitaji muhuri mwingine.