Vipimo vya Hali ya Hewa kwa Bustani ya Nairobi: Kipi Kitangulie, Kipi Kiachwe Dukani

Mtu anayetaka kupamba bustani yake kwa kipimajoto cha shaba au kipimamvua cha kioo huvutiwa kwanza na sura, na hilo si kosa, kwa kuwa chombo hicho kitatazamwa kila siku. Hata hivyo, vyombo vingi vya aina hii vilibuniwa kwa ajili ya nchi zenye majira manne na miji iliyo karibu na usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na nyuzi moja na ushei tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo nimevipanga kwa kigezo kimoja: kipendeze, na kisome kweli hapa tulipo.

Nafasi ya kwanza naipa kipimamvua, tena bila kusita. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita mraba, kwa hiyo tuta la mita mraba kumi lililopata milimita 12 usiku limepokea lita 120, yaani mitungi sita ya lita 20 ambayo hutalazimika kuibeba siku ya mgao wa maji. Chagua chenye mdomo mpana, mistari iliyochongwa kwenye kioo badala ya kuchapwa kwa rangi inayobanduka, na uwezo wa angalau milimita 100, maana mvua za masika, hasa za Aprili, hukijaza kichupa kifupi na kukimwaga kabla hujaamka. Kisimamishe wima, mbali na miti na matone ya paa, ukisome kila asubuhi saa ile ile, macho yakiwa sawa na uso wa maji, kisha ukimwage.

Kinachofuata ni kipimajoto, na hapa ningependelea kile chenye mrija wa umbo la U kinachohifadhi joto la juu na la chini kabisa. Vijiti viwili vidogo ndani ya mrija husukumwa na kimiminika, vikabaki pale kilipofikia, nawe ukavirudisha kwa sumaku au kitufe. Mwenye miche ya nyanya atakithamini mwezi Julai, baridi ya alfajiri inapoingia hadi kwenye kitalu. Kipimajoto cha sahani kubwa yenye mshale husomeka kwa mbali na hupendeza zaidi ukutani, lakini hakikumbuki kilichopita. Chochote utakachochagua, kitundike kivulini. Jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayasemi ni kwamba hapa hakuna ukuta wa kivuli wa mwaka mzima: Juni jua hupita upande wa kaskazini, Desemba likapita kusini. Mahali salama ni chini ya paa la baraza, penye hewa inayopita, si juu ya ukuta wenyewe unaotunza joto.

Mshale wa upepo ni pambo zuri, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kukutengenezea kwa umbo ulitakalo. Sisitiza tu mkia uwe mpana kuliko kichwa, na mhimili uzunguke bila kukwama.

Barometa ya shaba, yaani chombo cha kupima kanieneo (mgandamizo) ya hewa, naiweka mwisho, ingawa ndiyo nzuri kuliko zote dukani. Niliwahi kununua moja mjini, nikaitundika barazani, na mshale wake ukalala kushoto kabisa, chini ya neno la dhoruba, siku ya jua kali. Haikuwa mbovu. Kanieneo ya hewa Nairobi ni zaidi kidogo ya 820 kwa hektopaskali, kizio cha kanieneo, ilhali sahani ile ilianzia 960. Hata ikirekebishwa, kanieneo yetu hupanda mnamo saa nne asubuhi na kushuka mnamo saa kumi jioni karibu kila siku, mvua iwepo isiwepo, hivyo maneno yaliyoandikwa usoni mwake hayatabiri mengi hapa. Ukiipenda bado, muulize muuzaji kabla ya kulipa kama skurubu ya nyuma inaweza kuirekebisha kwa mwinuko wa mita 1,800. Asipokuwa na hakika, iache.