Mama alicheka mbele ya Lilanga, wakamnyamazisha

Watu wangu wa karibu wananiambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Ikipoa sitaandika, najijua.

Miezi kadhaa iliyopita Mama alikuja kunitembelea hapa Ujerumani kutoka Masasi. Nikasikia kuna jumba la makumbusho linaonyesha sanaa ya kisasa ya Afrika, mali ya tajiri mmoja aliyeikusanya kwa miaka mingi, na George Lilanga, mchoraji wa Kimakonde kutoka Tanzania, yumo. Mama naye ni Mmakonde. Nikakata tiketi mbili siku hiyohiyo.

Vyumba vya mwanzo tulivipita tu. Kazi nzuri, sikatai, ila Mama miguu ilikuwa inamuuma na viti hakuna. Tulipofika kwa Lilanga akasahau miguu. Picha ina ukubwa wa mlango, imejaa mashetani pembe hadi pembe: masikio kama majani ya magimbi, midomo imebenuka, matumbo mbele, vidole vya miguu viwiliviwili. Wanabebana, wanavutana, wanasukumana. Mmoja anamnong'oneza mwenzake, na wa nyuma kainyoosha shingo ili naye asikie. Mama akamwona huyo wa nyuma. Akacheka, kicheko cha kushika kiuno, akanyoosha kidole: "Mwanangu, huyu si jirani yetu kabisa!"

Alikuwa hatua mbili nzima kutoka kwenye picha. Mlinzi akaja mbio, akaweka mkono kati ya uso wa Mama na picha, kisha akanigeukia mimi: nimwambie mgeni wangu hapa si sokoni. Mama hajui Kijerumani, lakini mkono usoni hauhitaji mkalimani. Akavuta khanga yake begani, akanyamaza mpaka tunafika kituo cha treni.

Mama yangu! Katika chumba kile chote ni yeye peke yake aliyekuwa anawafahamu wale viumbe tangu utotoni. Kibao cha maelezo kimetafsiri "shetani" kwa neno la Ibilisi wa kwenye Biblia. Siyo. Mashetani wa Kimakonde ni wa porini. Wapo wabaya, wapo watundu tu, na wa Lilanga wanachekesha kwa sababu wanaishi kama sisi.

Kibao hichohicho kilitaja 1934 alipozaliwa na 2005 alipofariki, na jina la mwenye mkusanyiko kwa herufi nene. Hakikusema kwamba Lilanga alipoingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, miaka ya 70, aliajiriwa kwanza kama mlinzi. Mlinzi! Yule aliyemnyamazisha Mama alikuwa analinda kazi ya mlinzi mwenzake, na wakubwa zake hawakuona haja ya kumwambia.

Mapokezi walinipa fomu ya malalamiko. Nilijaza. Kimya mpaka leo.

Nilikusudia kuandika msiende, pesa yenu wasiione. Lakini juzi Mama kapiga simu, anasema keshamhadithia jirani mwenyewe na jirani kacheka mpaka machozi, sasa anataka aione hiyo sura yake. Kwa hiyo nendeni, picha ile ni ya kuonwa. Mimi niliapa sitakanyaga tena pale, na Jumamosi ninarudi kumpigia Mama picha.