Nilidhani kutafuta najua: uzoefu wangu na huduma ya ushahidi ya maktaba ya hospitali

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana kwa sababu ya usiku, na huko nitafika.

Mimi ni daktari wa wodi ya magonjwa ya ndani. Kwa miaka ya mwanzo wa kazi yangu, maktaba ya hospitali ilikuwa mahali pa kuchaji simu na kukaa dakika kumi bila kuitwa. Nilijua kuna mkutubi, na nilijua kuna kitu kinaitwa "huduma ya kutafuta ushahidi", ila nilidhani ni ya wanaoandika tasnifu. Makala nani hajui kuzitafuta? Unafungua PubMed, ile hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni, unaandika maneno mawili, unasoma muhtasari wa tatu za juu, unarudi kwa mgonjwa.

Huduma yenyewe ni hivi. Unajaza fomu kwenye kompyuta au simu: unataka kujua nini, kuhusu wagonjwa gani, na jibu unalihitaji lini. Kuna ngazi tatu, yaani leo hii kwa sababu mgonjwa yuko kitandani, ndani ya siku chache, au bila haraka. Mkutubi wa tiba anatafuta, anachuja, kisha anakutumia faili lenye makala alizopata, maelezo mafupi ya kila moja, na orodha ya mahali alikotafuta pamoja na maneno aliyotumia. Juu ya ukurasa wa kwanza huwa kuna mstari mmoja kwa herufi nzito: haya ni matokeo ya utafutaji, si ushauri wa tiba. Mwanzoni niliuona kama wa kujikinga. Sasa nauheshimu. Kuamua ni kazi yangu, na hajawahi hata mara moja kuniamulia.

Nimeshatuma maombi kumi na mbili. La kwanza ndilo nitakalolieleza kwa kirefu, maana ndilo lililonivua kiburi.

Tulikuwa na mgonjwa wa makamo, ini lake limechoka, analetwa akitapika damu. Mimi nikataka apewe asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu. Hoja yangu ilikuwa na mashiko, au hivyo niliona. Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, lenye majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, lilionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza vifo vya waliojeruhiwa na kuvuja damu. Mwaka 2017 likaja jaribio la WOMAN, wanawake 20,060 waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na vifo vya kuvuja damu vikapungua, hasa kwa waliopewa dawa mapema. Damu ni damu, nikajiambia. Mwenzangu wa zamu akakataa katakata, na tukabishana mbele ya kitanda, jambo ambalo halipendezi. Daktari bingwa akatukata: "Mgonjwa anaendelea na tiba tuliyokubaliana. Ninyi kesho mniletee karatasi, si maneno."

Usiku huo nikatafuta. Nikaandika jina la dawa na neno la kutapika damu. Zikaja makala chache, nyingi za zamani, za wagonjwa mia moja na kitu, mia mbili. Nikakuta pia mapitio yaliyozijumlisha tafiti hizo ndogo, na mwelekeo wake ulikuwa upande wangu: vifo vinaonekana kupungua. Nikalala nimeshinda. Asubuhi nikajaza fomu ya maktaba kwa sababu moja tu, makala mbili zilikuwa zimefungwa na nilitaka nakala zake kamili.

Baada ya nusu saa simu ya wodi ikalia.

"Daktari, nimeipata fomu yako. Umeniandikia dawa, swali sijaliona."

"Swali ni kama inafanya kazi, mama."

"Inafanya kazi ipi? Kusimamisha damu, kupunguza chupa za kuongezewa, au kuzuia kifo? Na kwa nani, mwenye vidonda vya tumbo au mwenye ini? Ukilinganisha na nini?"

Nikanyamaza kidogo. Kwa kweli nilikuwa sijawahi kulisema swali langu lote kwa sauti. Madaktari tunafundishwa zile herufi nne, PICO, yaani mgonjwa, tiba, mlinganisho na matokeo. Tunazijibu kwenye mtihani, kisha tunaziacha hukohuko. Yeye alizitoa moja moja kwenye simu, bila kuzitaja kwa jina, kama mtu anayemuuliza mtoto ametumwa nini dukani. Nikajibu: mtu mzima, anatokwa damu tumboni, ini bovu, dawa hii dhidi ya kutopewa, na ninachojali ni kifo.

"Sasa hilo ni swali," akasema. "Nipe hadi saa nane."

Saa nane kasorobo faili likaingia. La kwanza kwenye orodha lilikuwa jaribio la HALT-IT, lililochapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet: wagonjwa 12,009 wa kutokwa damu kwenye njia ya chakula, katika nchi 15, nusu wakipewa dawa na nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa. Zaidi ya theluthi yao walikuwa na ini bovu, kama wetu. Waliokufa kwa kuvuja damu ndani ya siku tano walikuwa asilimia 3.7 upande wa dawa na 3.8 upande wa maji ya chumvi. Hakuna tofauti. Ila damu kuganda kwenye vena ilikuwa asilimia 0.8 kwa waliopewa dawa na 0.4 kwa wasiopewa, na degedege nalo liliongezeka. Ushindi wangu wa usiku ukaishia hapo. Mwenzangu, kwa heshima yake, hakucheka. Alitabasamu tu, na hilo lilitosha.

Nilichotaka kujua baada ya hapo ni kwa nini jaribio la watu elfu kumi na mbili lilinipita. Nikashuka maktaba, akaniwekea kiti, akanionyesha kwenye kioo chake. PubMed ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Ndani yake makala nyingi hupewa vichwa vya mada vinavyoitwa MeSH, mfumo ulioanza mwaka 1960, na vichwa hivyo vimepangwa kama mti. Kutokwa damu kwenye njia ya chakula ni tawi kubwa. Kutapika damu ni kijitawi kinachoota juu yake. Ukitafuta kwa tawi kubwa, mashine inakuletea na vijitawi vyake vyote. Ukitafuta kwa kijitawi, haikuletei kilichoandikwa kwenye tawi. Mimi nilishika kijitawi. Alibadilisha neno moja tu, na jaribio lile likatokea kwenye ukurasa wa kwanza.

Kisha akanionyesha kosa la pili, ambalo hata sikujua nimelifanya. Ili kuondoa tafiti za watoto nilikuwa nimeweka neno la kukanusha, lile NOT. Akanieleza kwamba neno hilo linafagia pia kila makala inayotaja watoto na watu wazima pamoja. "Hili ni panga," akasema, "watu wanalitumia kama wembe." Tangu siku hiyo sijaligusa.

Kuna wanaoona haya ni mambo madogo ya kiufundi. Mwaka 2001, huko Marekani, kijana wa miaka 24 mwenye afya njema alijitolea kushiriki utafiti wa pumu, akavuta dawa ya heksamethoniamu, mapafu yakaharibika, akafariki. Baadaye ilionekana kwamba makala za miaka ya 1950 zilikuwa zimeshaandika kuhusu madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu. Watafiti walitafuta kwenye PubMed, ambayo wakati ule ilianzia mwaka 1966. Kisa hicho alinisimulia mkutubi wetu, bila kuhubiri, huku akinitafutia kalamu. Kwa hiyo kwenye kila faili lake anaandika hifadhidata alizopitia na zinaanzia mwaka gani. Kwa maswali mazito hatosheki na PubMed peke yake. Anapita Embase, hifadhidata nyingine ya makala za tiba, anapita maktaba ya Cochrane yenye mapitio ya tafiti, na kama kuna mwongozo wa tiba unaohusika anauweka juu kabisa.

Sasa manung'uniko.

La kwanza ni usiku. Huduma hufungwa jioni na mwisho wa wiki hakuna mtu. Maswali magumu hayana saa za ofisi. Mara mbili nimetuma ombi la haraka Ijumaa saa moja jioni, jibu zuri kabisa likanifikia Jumatatu, mmoja wa wagonjwa akiwa ameshahamishiwa kwingine. Najua si kosa la mkutubi, ni mtu mmoja na nusu kwa hospitali nzima (yule wa nusu anagawana siku zake na chuo). Lakini ninayepima huduma ni mimi ninayeitumia, na nyota ya tano imekwama hapo.

La pili ni nywila. Ndani ya hospitali majarida yanafunguka yenyewe. Ukiwa nyumbani unaingia kwa nywila, nywila inaisha muda kila baada ya miezi mitatu, na barua pepe ya kukukumbusha inakwenda kwenye anwani ya kazi ambayo huwezi kuifungua ukiwa nyumbani. Aliyepanga hivyo sijui alikuwa amekasirikiwa na nani.

Nakala za makala tusizo nazo, ambazo maktaba huagiza kwa maktaba nyingine, kwa kawaida hufika ndani ya siku tatu nne. Sina ugomvi nazo. Programu ya muhtasari wa tiba iliyo kwenye simu ni nzuri kwa dozi na kwa raundi ya asubuhi, basi.

Jambo moja nililifanya ambalo si la kujivunia. Nikiandaa mada ya mkutano wa idara, usiku, maktaba imefungwa, niliiuliza programu ya akili mnemba. Ikanijibu vizuri sana, kwa Kiswahili safi kuliko changu, na ikanipa rejea tatu: waandishi, jarida, mwaka, kurasa, kila kitu. Asubuhi nikamtumia mkutubi anipatie nakala kamili. Mbili akazileta. Ya tatu akanipigia simu.

"Jarida lipo. Mwaka upo. Ukurasa huo una makala nyingine kabisa, ya mifupa. Hii yako umeipata wapi?"

Nikamwambia. Hakunisema. Alisema sasa anapata maombi ya namna hiyo mara kwa mara, ya kutafuta makala ambazo hazijawahi kuandikwa, na kila moja inamlia saa nzima kwa sababu hawezi kumwambia daktari "haipo" kabla hajahakikisha kweli haipo. Hapo ndipo nilipoona aibu. Saa ile nzima ilikuwa ya mtu mwenye mgonjwa kitandani, nami niliitumia kukimbiza kivuli. Katika zile mbili zilizokuwepo, moja aliiwekea alama nyekundu kwamba imeondolewa na jarida lenyewe baada ya kuchapishwa. Ningeisimamia mbele ya idara nzima.

Kwa wenzangu ambao hospitali zao hazina mkutubi, mlango haujafungwa kabisa. PubMed imekuwa wazi na bure kwa umma tangu mwaka 1997. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha Hinari, inayozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo njia ya kusoma majarida bure au kwa malipo nafuu. Anayejisajili ni taasisi, si daktari mmoja mmoja, kwa hiyo ulizia utawala. Huenda hospitali yako ina usajili tangu zamani na aliyetunza nywila alishastaafu. Na kabla ya kuandika chochote kwenye kile kisanduku cha kutafutia, liandike swali lako lote kwenye karatasi, mpaka nukta. Mimi hutumia nyuma ya karatasi ya raundi.

Kwa madaktari wenye huduma hii na hawaitumii, sababu ninayoisikia sana ni muda. Fomu inachukua dakika sita, nimepima. Inayokera ni ile sehemu ya kuchagua idara, ina orodha ndefu isiyofuata alfabeti na wodi yetu iko karibu na mwisho. Mafunzo ya saa moja ya kila mwezi nayo yanafaa, ingawa nusu ya kwanza inakwenda kwa watu kurejesha nywila zao.

Ombi la kumi na mbili nililituma juzi. Linahusu dawa ya kupunguza maji mwilini kwa mgonjwa mwenye moyo dhaifu na figo zinazosuasua, na safari hii niliandika kila kitu: umri, tiba, mlinganisho, matokeo, hata muda wa kumfuatilia. Nikajiona nimehitimu. Leo asubuhi limerudi na mstari mmoja chini yake: "Daktari, figo zinasuasua tangu lini?" Faili la mgonjwa halisemi. Namngoja mwanawe saa ya kutazama wagonjwa, yeye ndiye anayejua.