Biodizeli ya mafuta ya kukaangia kwenye jiko la utambi, uzoefu wangu wa miezi 7

Mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi nilikuwa namwaga kwenye sinki, mpaka bomba lilipoziba. Sasa hivi ni mwezi wa saba nayageuza kuwa biodizeli na kupikia. Nimeona niwaambie ilivyo kweli, maana video nyingi zinaonyesha moto ukiwaka dakika mbili halafu zinakatwa.

Kwanza usitie mafuta ya kukaangia yenyewe kwenye jiko la utambi. Nilijaribu. Ni mazito mno, utambi unashindwa kuyavuta, moto unafifia unabaki moshi tu na harufu inayochoma macho. Ndo maana lazima uyavunje kwa methanoli (aina ya pombe isiyonyweka) na kostiki soda, pale gliserini, yaani ile sehemu nzito, inajitenga na unabaki na kitu chepesi.

Ninavyofanya: nachuja mabaki yote kwa kitambaa, nachemsha mpaka maji yaishe, naacha yapoe hadi kama nyuzi 55, nazima moto kabisa ndo natia methanoli iliyoyeyushiwa kostiki. Kwa lita 1 natumia mililita 200 za methanoli. Kostiki ni gramu 3.5 kwa mafuta mapya, haya yaliyotumika yana asidi kwahiyo yanataka zaidi, na ni lazima uipime hiyo asidi kwanza, usikadirie kwa macho. Mara ya pili nilikadiria, tena mafuta yalikuwa na maji, lita 4 zote zikawa uji wa sabuni. Iliniuma sana.

Ikienda vizuri, kesho yake unakuta chini ya chupa kuna gliserini nyeusi nzito kama molasi na juu mafuta ya rangi ya chai, hayo ndo biodizeli.

Hapo wengi wanakimbilia jikoni, na hapo ndipo wanapoharibu. Ioshe jamani! Naosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, taratibu bila kutikisa kwa nguvu, halafu naikausha mpaka nikiweka chupa mbele ya maandishi niyasome bila ukungu. Biodizeli safi haishiki moto mpaka ipite nyuzi 100, wakati mafuta ya taa yanaanzia kama 38 tu, kwahiyo ikimwagika sio hatari kama yale. Ila methanoli ikibaki ndani usalama huo wote unapotea. Kipimo changu ni mililita 3 za biodizeli ndani ya 27 za methanoli, ikiyeyuka yote bila kitu kutuama chini basi mafuta yamevunjika sawasawa.

Sasa jikoni. Biodizeli peke yake bila kuchanganya sijairidhia, inawaka vizuri mwanzoni ila baada ya nusu saa hivi moto unashuka na ncha ya utambi inafanya ganda gumu jeusi, nilikuwa naikata kwa mkasi kila baada ya siku mbili. Bado ni nzito kuliko mafuta ya taa. Nilipochanganya nusu kwa nusu na mafuta ya taa mambo yakabadilika, moto umetulia, sufuria zinashika masizi kidogo kuliko zamani na harufu imepungua sana. Asubuhi za baridi inaganda ganda, hapo naongeza mafuta ya taa kidogo. Pia kagua mipira ya jiko, ile ya mpira asili inalainika, yangu ilianza kuvuja mwezi wa tatu.

Na hili naomba mnisikie: methanoli ni sumu, ukiimeza hata kidogo inapofusha au kuua, mvuke wake na kuigusa kwa ngozi navyo ni hatari, na moto wake mchana hauonekani. Mimi nachanganyia nje, glovu na miwani, watoto mbali, jiko limezimwa. Kama huna sehemu ya wazi ya kufanyia, usitengeneze mwenyewe.

Utambi nilionao sasa una wiki ya sita, tangu nianze kukausha vizuri na kuchanganya nimeukata mara moja tu.